Mjane wa Mwendesha Boila: Mgeni wa Tandahimba

Tulimwacha Isabela na kalamu mkononi, ncha yake imeshagusa karatasi, na mtu anapiga hodi mlangoni.

Hakuna aliyeitikia. Mzee Optatus, mjomba wa marehemu mumewe, alikunja uso kama mtu aliyekatizwa sala. Bwana Cecil, afisa utumishi wa kiwanda cha korosho cha Newala, hakugeuka hata kutazama. Aliendelea kushikilia kidole chake pale penye mstari wa sahihi.

"Malizia tu, Mama Anastasia," alisema kwa upole. "Mgeni atasubiri."

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Erasto, mume wa Isabela na mwendesha boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda, aliingia kazini amelewa. Ilisema alifungua vali ya mvuke kwa uzembe wake, bomba likapasuka, akafa. Mwishoni ilisema familia imeridhika na msaada wa msibani na haina dai lingine. Isabela alikuwa ameisoma mara mbili, na mara zote mbili lile neno "amelewa" lilimchoma kama mvuke wenyewe.

Mgeni hakusubiri. Aliingia ameshika kandambili mkononi, vumbi jekundu limempanda hadi magotini, mtoto amelala mgongoni ndani ya khanga. Alipiga goti mbele ya Mzee Optatus, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya mashaka. Kisha akamgeukia mjane.

"Dada, usitie sahihi. Erasto hakulewa."

Cecil alitaka kujua yeye ni nani. Mwanamke akajibu kwamba anaitwa Yuster, ametoka Tandahimba. Dereva mmoja wa lori la korosho alikuwa amemwambia kwamba leo mjane wa mwendesha boila atasainishwa karatasi. Akapanda gari la kwanza alilolipata, na pale gari lilipoharibika akateremka na kutembea.

Isabela aliweka kalamu chini. Tangu msiba alikuwa akimsubiri mtu wa kuyasema maneno hayo. Wafanyakazi wawili walikuwa wameapa kwamba asubuhi ile Erasto aliingia kiwandani macho mekundu, anapepesuka. Yeye mkewe hakuweza kuwabishia, kwa sababu usiku ule Erasto hakulala nyumbani. Aliaga jioni kwamba amepewa zamu mbili mfululizo.

"Umejuaje kama hakulewa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imejaa matumaini.

Yuster alitazama sakafu.

"Usiku wote alikuwa na mimi."

Isabela alimtazama mwanamke, akautazama mguu mdogo wa mtoto uliochomoza pembeni ya khanga, akamtazama tena mwanamke. Hakuuliza. Kuna majibu ambayo mtu huyaona kabla hajalitafuta swali.

Cecil ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kidogo cha puani.

"Naona marehemu alikuwa na zamu nyingi," alisema. "Basi na hilo tuliongeze kwenye karatasi?"

Mzee Optatus alisimama, akamfungulia Cecil mlango. Hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba nyumba imepata mgeni, arudi Ijumaa. Cecil aliikunja karatasi yake taratibu, akaitia kwenye mkoba, akasema Ijumaa ndiyo mwisho. Baada ya hapo kiwanda kitahesabu familia imekataa hata ule msaada wa kusomesha mtoto kilioahidi kwa mdomo.

Gari lake lilipoondoka, Yuster alisimulia akiwa bado amepiga magoti. Mtoto alishikwa na degedege jioni ile. Alimpigia Erasto simu, Erasto akaja. Walikesha hospitali, Erasto ameishika chupa ya dripu kwa mkono wake kwa sababu chuma cha kuning'inizia kilikuwa kwa mgonjwa mwingine. Alfajiri homa ikashuka. Erasto akatafuta pikipiki ya kumrudisha Newala.

"Nilimwambia apige simu aombe ruhusa, macho yameshaiva kwa usingizi," Yuster alisema. "Akaniambia ile vali inavuja, ameisema kwa wakubwa mpaka amechoka. Akasema akimwachia mtu asiyeijua, itaua."

Hapo ndipo Isabela alipoinuka. Alikwenda uani, kwenye pipa la maji ya mvua, akaanza kuosha vikombe ambavyo havikuwa vimetumika. Aliviosha vyote, akavipanga, akaviosha tena.

Msomaji, kama umewahi kupenda utaelewa kilichomuuma zaidi. Uwongo wa zamu mbili angeweza kuubeba. Kilichomshinda ni kwamba yule mwanamke alikuwa amemrudishia Erasto wake vile vile alivyomjua, Erasto asiyeweza kumwachia mwenzake hatari, na papo hapo akamnyang'anya.

Mzee Optatus alimfuata uani. Hakuwa mtu mbaya mzee huyu. Alikuwa mzee wa kanisa, na Erasto alikuwa mtoto wa dada yake. Kwa desturi ya kwao mambo ya marehemu ni ya upande wa mama yake, na msemaji wa upande huo alikuwa yeye. Ndiyo maana kiwanda kilipotaka kuzungumza kilikwenda kwake, hakikwenda kwa mjane. Kilileta jeneza, kikaleta mchele na mbuzi siku ya mazishi, kikaleta tena siku ya arobaini. Kilileta na saruji ya kaburi.

"Tumekula mchele wao mbele ya watu," alimwambia Isabela. "Mtu aliyekulisha kwenye matanga unamshitaki vipi? Utapita wapi na uso wako?"

Isabela alijibu kwamba mchele ule waliula waombolezaji, binti yake Anastasia hajaushiba.

Hapo mzee akasema kitu alichokuwa anakiogopa kweli. Yule mwanamke aondoke leo, arudi alikotoka, na hadithi yake aondoke nayo. Ulevi ni aibu ndogo, vijana wengi wa Newala wanalewa. Hili la pili litamtoa Erasto kaburini.

Isabela aliingia ndani, akavaa viatu, akamwambia Ziada, jirani yake, amwangalie Anastasia akitoka shule. Yuster bado alikuwa barazani.

"Nifuate," Isabela alimwambia. "Lakini usitembee ubavuni kwangu."

Wakaenda hivyo, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu wawili waendao kisimani ambao hawafahamiani.

Kwanza walifika kwa mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa na huruma nyingi, akampa Isabela pole mara tatu. Alisema mambo ya kiwanda ni ya kiwanda, na tena mjomba wa marehemu alishakuja kusema familia imeridhika, naye akapiga muhuri. Isabela alimuuliza kama serikali ina sheria inayosema mtu akifia kazini watoto wake wanapata nini. Mtendaji akasema ipo, lazima ipo, lakini iko wapi hasa, hilo labda wajaribu Mtwara.

Nauli ya Mtwara hakuwa nayo. Akaenda kwa Abdulazizi.

Abdulazizi ana duka la kuchapa na kudurufu karibu na stendi ya Newala. Ndiye anayewajazia watu maombi ya ajira na ya vitambulisho, na hujivunia kwamba hakuna kitu cha serikali ambacho hajawahi kukitafuta mtandaoni. Cha namna hii hajawahi kukitafuta. Alikuna kichwa, akaandika "ajali kazini", ikaja picha ya kofia za njano. Akaandika tena, ikaja tangazo la zabuni. Akaandika mara ya tatu, ukafunguka mwongozo mrefu wa Kiingereza, kurasa na kurasa, na mtandao ukakatika wakiwa ukurasa wa pili.

Abdulazizi akaanza kutafsiri ule waliokuwa wameupata. Alitafsiri kwa sauti ya mhubiri, anainua kidole.

"Mwajiri atahakikisha... atahakikisha kwamba..." Akasimama. "Hapa pagumu kidogo, Mama Anastasia. Ila anahakikisha."

Isabela alijikuta anataka kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Aliegemea mashine ya kudurufu, akalia kama asivyowahi kulia hata siku ya mazishi. Abdulazizi alitoka nje, akajidai anatafuta mtandao kwenye kona ya duka, simu ameiinua juu kama mtu anayeipungia ndege.

Yuster alibaki mlangoni. Hakusogea kumshika, akijua mkono wake si wa kumshika mtu huyu. Alisubiri mpaka Isabela alipojifuta uso. Ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba serikali haiwezi kuwa imeandika kwa Kiingereza peke yake, wanaokufa ni Waswahili.

Abdulazizi alilisikia hilo kule nje. Akarudi ndani mbio, akaandika upya, safari hii kwa Kiswahili na kwa maneno marefu: fidia, mfanyakazi, kifo, wategemezi. Mtandao ulijivuta, ukajivuta, kisha ukafungua ukurasa wa serikali, na juu yake maneno wanayoyaelewa wote watatu.

Walisoma wamesimama. Ukurasa uliwaeleza kwamba mitambo kama boila inatakiwa kukaguliwa na watu wa usalama mahali pa kazi, na mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Ajali ikitokea itolewe taarifa, isimalizwe kwa mazungumzo ya barazani. Mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi, wapo wanaomtegemea ambao mfuko wa fidia unawatambua, na mstari wa kwanza walikuwa mjane na watoto.

Isabela alirudia kusoma mstari huo. Mjane. Hawakuandika mjomba.

"Na ule mchele?" aliuliza. "Tumekula mchele wao. Mjomba anasema ndiyo imekwisha."

Abdulazizi akapitia ukurasa juu mpaka chini, akarudi juu.

"Nimetafuta mchele, Mama. Sijauona. Hakuna mahali wanaposema mchele wa msibani unafuta fidia."

Yuster aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia siku ile, watoto waliosemwa hapo ni watoto gani.

Abdulazizi alitazama kioo, akamtazama mtoto mgongoni, akaelewa, masikini, akaona haya.

"Wameandika watoto wa marehemu," alisema. "Basi."

Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya kupiga bila malipo. Walipiga. Aliyepokea alisikiliza, akasema maofisa wa fidia watakuwa Masasi Alhamisi, kwenye ukumbi wa halmashauri, wanatoa elimu kwa wafanyakazi na kusikiliza wenye matatizo. Mjane aje mwenyewe. Kama kuna mtu anayejua marehemu aliamkaje siku ile, aje naye.

Alhamisi ilikuwa kesho. Cecil angerudi keshokutwa.

Nje ya duka, kwenye kivuli cha paa la bati, Isabela alimgeukia Yuster kwa mara ya kwanza na kumtazama usoni. Alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuombwa aondoke.

"Utakwenda kusema?" Isabela aliuliza. "Mbele ya watu, kwamba ulikuwa naye?"

Yuster alisema atasema. Hajaolewa, hana jina la kulinda, na Erasto hastahili kulala kaburini akiitwa mlevi. Kisha akasita, akaivuta khanga begani.

"Ila nakuomba kitu, dada. Sitaki fungu la mtu. Wakikuuliza watoto, huyu usimkane. Mtaje tu. Akikua akiulizwa baba yako nani, awe na mahali palipoandikwa."

Isabela alitazama barabara. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, akamsalimia Mama Anastasia, akampa pole tena, akapita.

"Nitamtaja," alisema.

Hakuuliza huyo atakayemtaja anaitwa nani. Kwetu mtu ukishakutana naye mara mbili humwiti tena kwa jina lake, unamwita mama fulani. Isabela alimwita "wewe" siku ile nzima, na kesho yake, na Yuster hakulalamika. Jina la mtoto lingemfanya mtoto awe mtu.

Alhamisi asubuhi, kwa nauli waliyokopeshwa na Abdulazizi, waliteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala kwenda Masasi, wamekaa viti viwili mbalimbali. Gari lilizunguka kona za mteremko, kisha milima ya mawe ya Masasi ikajitokeza mbele, mikubwa na mitupu. Kule upande wa Lulindi ndiko Isabela alikozaliwa. Ndiko Erasto alikomfuata wakafunga ndoa kanisani, kisha akamchukua wakaishi Newala kwenye ardhi ya mjomba wake, kama desturi yao inavyotaka. Nyumba waliijenga wao wawili, tofali kwa tofali. Ardhi ilibaki ya ukoo, na mikorosho iliyo juu yake.

Simu ilimkuta mlangoni mwa ukumbi. Alikuwa Mzee Optatus, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mzee alisema amesikia kwa Abdulazizi wanakokwenda na wanachokwenda kuandikisha, na amekesha akisali. Kuhusu fidia sasa hampingi, mtendaji ameshamweleza kwamba sheria ipo, adai, Mungu amsaidie, ni haki ya Anastasia. Hata yeye mwenyewe atakwenda kumwambia Cecil kwamba alipokwenda kwa mtendaji kusema familia imeridhika hakuijua sheria. Alisema hayo kwa shida, mzee wa watu, na Isabela alifunga macho kwa shukrani.

"Lakini usimwandike yule mtoto," mzee akaendelea. "Umemtoa Erasto kwenye ulevi, unataka kumtia kwenye uzinzi? Jumapili nitasimama vipi kanisani nisome? Ukimwandika, mwanangu, usirudi kwenye nyumba ile. Nitaifunga. Nakwambia kwa uchungu, lakini nitaifunga."

Isabela alimwambia, ndiyo, Mjomba, amemsikia. Akakata simu. Yuster alikuwa benchini anamnyonyesha mtoto, hajui lolote.

Afisa aliyewapokea wenye misiba alikuwa mama wa makamo, Bi Priska, mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimketisha Isabela kwenye chumba cha pembeni, akampa maji, akamwacha aeleze mwanzo mpaka mwisho. Isabela alieleza boila, vali, mchele, karatasi ya Cecil. Alipofika kwenye ulevi alisema yupo shahidi, yuko nje, ataeleza kwamba Erasto alikuwa hospitali usiku kucha. Hakusema shahidi huyo ni nani wa Erasto.

Bi Priska alivua miwani.

"Mama Anastasia, hilo la ulevi limekutesa bure," alisema. "Mumeo amefia kazini, ameacha mjane na mtoto. Kiwanda kusema tu kwamba alifanya uzembe hakukufungii mlango hapa. Boila itachunguzwa, na waliokuwa kazini wataulizwa. Huyo shahidi wako akitaka kuzungumza nasi, sawa. Asipotaka, dai lako linasimama bila yeye."

Isabela hakusikia kilichofuata. Dai linasimama bila yeye. Kumbe hakumhitaji. Kumbe angeweza kuyajua yote haya bila Yuster kuja, bila mguu ule mdogo kuchomoza kwenye khanga, na Erasto angebaki wa kwake mpaka siku ya kufa kwake mwenyewe. Na hata sasa hakujachelewa. Anachotakiwa ni kunyamaza mahali pamoja tu. Yuster atarudi Tandahimba. Nani atakayemwamini? Nyumba itabaki wazi. Jumapili Mzee Optatus atasoma kanisani, na yeye atakaa kwenye benchi lake kati ya akina mama wenzake, mjane wa mtu mwema.

Angemlaumu nani? Ahadi yenyewe aliitoa barabarani, amechoka, akidhani anabadilishana kitu kwa kitu. Sasa upande mmoja wa mabadilishano haukuwa na thamani tena.

"Tunaanza na wanaomtegemea," Bi Priska alisema, akivaa miwani. "Mjane ni wewe. Cheti cha ndoa unacho, vizuri. Watoto?"

"Anastasia Erasto," Isabela alisema. "Yuko darasa la tatu."

Bi Priska aliandika. "Mwingine?"

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Kupitia kwake aliliona benchi. Yuster alikuwa amempakata mtoto, anampulizia uso kwa ncha ya khanga kwa sababu ya joto. Hakuwa anatazama dirishani, hakuwa anasikiliza. Alikuwa ametegemea neno alilopewa, kama mtu anavyotegemea ukuta bila kugeuka kuuangalia.

Isabela alifikiria usiku ule, Erasto amesimama wodini, mkono juu, chupa ya dripu inatoa tone baada ya tone. Mkono ule aliujua. Aliujua unavyochoka na usivyokubali kuteremka. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia, Erasto, teremsha, si kazi yako, asingeteremsha.

Na yeye alimpenda mtu huyo. Hakujua tena ampende vipi, lakini ni huyo.

"Mama Anastasia?"

"Nipe dakika moja," Isabela alisema.

Alitoka nje. Jua la Masasi lilimpiga usoni. Yuster alipomwona akasimama haraka, akidhani ameitwa kutoa ushahidi, akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Anaitwa nani?" Isabela aliuliza.

Yuster alisimama na khanga mkononi. Machozi yalimjaa kabla ya jibu.

"Nisamehe, dada. Mimi sikujua. Erasto alimpa mwenyewe, nikajua ni jina la baba yake tu. Ndiyo msibani, nilipojificha nyuma ya watu, nikawasikia wanawake wakisema..." Akamtazama mtoto. "Nikolao."

Nikolao. Isabela alizaa watoto wawili, msomaji. Wa pili alikuwa wa kiume, alifika kabla ya wakati, na hakuishi hata kubatizwa. Jina lake lilikuwa limeshachaguliwa, la babu yake mzaa baba. Isabela na Erasto hawakulitamka tena ndani ya nyumba ile, kwa heshima ya mtoto, kama mtu anavyoacha nguo ndani ya sanduku.

Na Erasto alikuwa amelitoa, akalivisha mtoto mwingine.

Isabela alishika mgongo wa benchi. Yuster alitaka kumshika, akaogopa, mikono ikabaki hewani. Mtoto alimtazama mwanamke huyu mgeni kwa macho makubwa yaliyotoka usingizini, kisha akanyoosha mkono akashika kidani cha msalaba shingoni mwake, akakivuta, kama watoto wote wanavyofanya.

Isabela alivifungua vidole vya mtoto kimoja kimoja, taratibu, bila kumuumiza. Akageuka, akarudi ndani.

Alipokaa, simu iliyokuwa mezani ikaanza kutetemeka. Jina la Mzee Optatus liliwaka kwenye kioo. Bi Priska alimwashiria apokee kama ni muhimu.

Isabela aliigeuza simu kifudifudi. Iliendelea kutetemeka juu ya mbao, ikijisogeza polepole kuelekea ukingoni.

"Yuko mtoto mwingine wa mume wangu," alisema. "Mama yake yuko hapo nje."

Kalamu ya Bi Priska ilisimama. Alimtazama mjane juu ya miwani, akaelewa, na kwa wema wake hakuuliza kitu ambacho hakikuwa cha kuandikwa.

"Jina lake?"

Simu ilianguka sakafuni, ikaendelea kuita kule chini. Isabela hakuiinamia. Alivuta pumzi, na jina ambalo hakuwa amelitamka tangu alipolizika akalitamka kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la nje.

"Nikolao," alisema. "Mwandike Nikolao Erasto."